Goti la Dani

Ndugu zangu, kilichoninyima usingizi miaka miwili ni goti. Goti la nyanya yangu, Dani, yule aliyeketi pale mbele. Nilijiuliza: watu wakiona halikunjiki vizuri, si watajua kwamba sijui kazi?

Nilisomea filamu za katuni chuoni, nikahitimu, nikarudi hapa Sindo. Hakuna aliyeniajiri. Nikawa natengeneza vijitabu vya programu za mazishi, kuanzia Homa Bay hadi Migori: picha ya marehemu, maua pembeni, nyimbo. Muda uliobaki nilichora filamu yangu. Dani anatoka nyumbani na karai tupu, anatembea hadi ziwani kununua omena. Dakika tatu tu. Lakini sekunde moja ni michoro kumi na miwili, na kila nikimaliza hatua nne naziona mbaya, naanza upya.

Dani alikuwa akisimama nyuma yangu.

"Nyakwara, mjukuu wangu, nimefika ziwani?"

"Bado, Dani. Goti halijakaa sawa."

"Hao omena wataoza wakinisubiri!"

Alipoanza kumimina chai nje ya kikombe, nilidhani ni uzee. Nisameheni, nilikuwa nafikiria goti. Hospitalini walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi.

Nawaambia ukweli, nilitaka kufuta kila kitu. Namchorea nani sasa? Wiki nyingi sikuwasha kompyuta. Siku moja akaniita, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akalikunja. Lilikwaruza, likakwama, likaenda kando.

"Hili halijakaa sawa tangu nimzae baba yako," akasema. "Wewe ulikuwa unamchora nani?"

Nilirudi kwenye michoro ya kwanza kabisa, ile niliyoionea aibu. Alikuwa akichechemea humo, vilevile anavyochechemea. Angeiona, kama ningemwonyesha.

Nawashukuru akina mama wa omena mliompeleka hospitalini huku mimi nimeinamia kompyuta. Na kama kuna mtu anakusubiri, mpe kazi yako na makosa yake, angali anaweza kuiona. Mimi nilichelewa.

Jana niliimaliza filamu, na sikugusa goti. Shuka limetundikwa ukutani, na mama mmoja atakaa kando ya Dani amsimulie kinachopita. Tafadhali fungeni madirisha, tupate giza.

Dani, leo unafika.