Ng'ombe Hajirudishi

— Bisheni! Bisheni sasa hivi kabla sijamaliza, ili baadaye mkija kuniomba msamaha niwe na orodha ya majina.

Hivyo ndivyo Onyiego alivyofungua baraza Alhamisi hiyo, saa tisa mchana, mvua ikiwa imeshaanza kupiga mabati ya duka la kinyozi pale Ekerenyo. Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali, na kila mwenyeji ana mahali pake palipokwisha kushika umbo la makalio yake. Upande wa mlango hukaa Nyasani, mwenye kinyozi, aitwaye Mkasi ingawa siku hizi hunyoa kwa mashine tu. Katikati ni Bosire, karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai, aitwaye Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge, kwa sababu hutaja tarehe kwanza, habari baadaye. Mwisho kabisa, maji ya paa yanapodondokea, hukaa Onyiego mwenyewe, mwendesha pikipiki, aitwaye Jenerali, jina alilojipa mwenyewe kisha akalalamika kwamba watu wamempachika. Shule aliiacha kidato cha pili. Kwa maelezo yake, aliiacha ikiwa bado inamhitaji. Naye Mong'ina, mwenye chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu, hana mahali. Yeye husimama, maana anasema aliyekaa hauoni uongo ukipita.

— Haya, nimebisha, akasema Mkasi. Niandike wa kwanza. Sasa sema unachobishiwa.

— Kuna vita vinakuja. Vitapiganwa na dunia nzima, kutoka Brazili mpaka Uchina. Na atakayesema vipiganiwe wapi ni mimi, huyu huyu, niliyekaa kwa hili tone la maji.

— Wewe hata tairi la nyuma limekuwa kipara, unapanga vita?

— Ni mchezo wa kompyuta, mzee. Mchezo wa kupanga majeshi. Clee yuko kwa kampuni inayoutengeneza, kule Polandi.

— Bolandi, akasema Mong'ina.

— Polandi, mama.

— Si ndiyo nimesema? Bolandi.

Clee ni Cleophas, kaka yake Onyiego, aliyeondoka Ekerenyo miaka saba iliyopita na begi moja na mkungu wa ndizi ambao askari wa uwanja wa ndege walimnyang'anya. Huko aliko anachora vilima na mito ya kwenye michezo.

— Wakubwa wake wamechoka na Warumi na Wajapani, Onyiego akaendelea. Wanataka vita ambavyo havijawahi kuchezwa. Clee akasimama kwa mkutano, akawaambia, nyumbani nina mtu. Sasa natakiwa niwape mahali na mwaka kabla ya saa kumi na moja leo. Baada ya hapo wanafunga. Mnafikiri naongopa? Sikieni.

Akatoa simu, akaifuta kwa kifua, akabonyeza. Sauti ya Cleophas ikatoka, nyembamba, na nyuma yake upepo wa nchi nyingine:

"Ndugu yangu, nipe mahali na mwaka. Mimi nimewaambia hawa watu, mambo ya vita vya kwetu tumuulize Onyiego, maana tulipokuwa tunacheza egesarate yeye ndiye alikuwa..."

Kidole gumba kikashuka haraka. Sauti ikakatika.

— Alikuwa nani? akauliza Hansadi.

— Jenerali. Nani mwingine? Mimi naongoza, Clee kuruta wangu.

— Clee amekupita miaka mitano.

— Uongozi hauna umri.

Egesarate kila mtu pale aliijua, ingawa hakuna aliyewahi kuiona: ile kambi ya enzi za mababu ambapo vijana walilala na mikuki wakilinda ng'ombe wa ukoo. Serikali ya mkoloni ilizivunja zote. Zikabaki katika mchezo wa watoto.

Onyiego akairudisha simu mfukoni na kuishikilia humo humo. Kitu alichokuwa anakitafuta hakukisema. Alikuwa ameshakipigia hesabu tangu asubuhi: akichagua mahali pa mbali, Clee atachora kutoka vitabuni. Akichagua hapa, itabidi mtu aje kupiga picha vilima, apime mto, asikilize mvua ya kwetu inavyolia. Na atatumwa nani kama si Clee, mwenye vilima? Kwa mama yao, mlangoni, gambuti za Clee bado zimesimama pamoja kama zinangoja kuitwa. Hakuna anayezivaa. Onyiego alizijaribu mwezi jana, akakuta zinamtosha sawasawa, akazivua upesi kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

— Haya, akasema. Leteni vita. Lakini viwe vya hapa hapa.

Hansadi akakohoa kikohozi cha tarehe.

— Tarehe kumi na mbili Septemba, elfu moja mia tisa kumi na nne. Mjerumani yuko Kisii mjini. Mwingereza akatokea juu vilimani. Wakatwangana kutwa nzima, jioni kila mmoja akadhani ameshindwa. Wakakimbia wote wawili.

— Na sisi?

— Sisi tukashuka mjini tukachukua viti.

— Hivyo ndivyo vita sasa! Mkasi akajipiga paja. Wahenga hawakukosea: fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huchukua viti.

— Lakini mchezaji atakuwa nani? akauliza Hansadi. Mjerumani au Mwingereza?

— Atakuwa nyasi.

Wakacheka mpaka Mong'ina akaongeza chai bila kuombwa. Ila Onyiego akatikisa kichwa.

— Mji ule sasa ni maghorofa matupu. Mtu akija kupiga picha atapiga maduka ya simu.

— Anakuja nani? akauliza Mong'ina.

— Hakuna. Nasema tu, mtu.

Mkasi akaona nafasi.

— Basi mimi nawapa kitu ambacho hakiko kwa kitabu. Warumi walifika hapa.

— Yaya, hapana! akapinga Hansadi.

— Walifika! Angalia zile sanamu zao, wanaume uchi, pua zimenyooka. Nani aliwafundisha kuchonga? Mawe laini yako wapi duniani kama si kwetu Tabaka? Walikuja kununua, wakakataa bei, vita vikaanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana mwanajeshi wa Kirumi huvaa ndala mpaka hapa magotini, kulinda guu.

— Mkasi, akasema Hansadi kwa upole, ulifika darasa gani?

— Nilifika. Darasa ndilo halikufika.

— Huo ni msemo wangu, Onyiego akalalamika.

— Ulikuwa wako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi nimeinama nikachukua.

Hansadi akarudi na tarehe nyingine.

— Kama mnataka vya karibu, kuna ile ya mpakani, sisi na majirani zetu, mwaka wa...

Mong'ina akafunga kifuniko cha chupa. Kilitoa sauti ndogo tu, lakini kila mtu aliisikia.

— Hiyo haichezwi, akasema. Watu wake bado nawamiminia chai.

Hansadi akachunguza kikombe chake kama kwamba tarehe zote zimezama humo. Ndipo Mkasi, asiyeweza kuvumilia kimya hata kanisani, akanyanyua kidole.

— Basi turudi nyuma kabisa, kabla ya watu. Vita vya malaika. Shetani alitupwa kutoka mbinguni, sivyo? Alianguka wapi? Nendeni mkaangalie ule ukingo wa Manga ulivyokatika. Kile si kilima. Ni alama ya kiuno.

— Mkasi! Sabato ni keshokutwa!

— Ndiyo maana nasema leo, mama.

Hata Onyiego alicheka. Lakini saa ya kinyozi ilikuwa imepita saa kumi na nusu, na mfukoni simu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

— Huyo Clee mwenyewe anataka kipi? akauliza Hansadi. Miaka saba si mchezo. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ni wapi? akauliza Mkasi.

Hansadi akafikiri. Alikuwa ameikariri shuleni, akaipata kwenye mtihani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Ni huko huko, akasema. Upande wa Polandi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja akaingia chini ya mabati akikimbia mvua, leso kichwani, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu kuku aliyetoa kichwa kuwasalimia. Akajitambulisha: Esnah, kutoka Suneka, amekuja kumwona dada yake. Mong'ina akammiminia chai iliyokuwa imebaki. Ilifika nusu kikombe. Wakamweleza kesi yote kwa pamoja, kila mmoja na vita vyake, Wajerumani na viti, Warumi na ndala, malaika na kiuno. Esnah akasikiliza huku akipuliza chai.

— Sasa katika huo mchezo, akauliza, mtu akishashinda anapata nini?

— Anapata ramani yote, mama, akasema Onyiego.

— Ya kufanyia nini?

— Ya... Ni yake. Halafu anaanza hatua ya pili.

— Anapigana tena?

— Ramani kubwa zaidi.

— Akishinda hiyo?

— Ya tatu.

Esnah akamrudisha kuku kichwa ndani ya kikapu.

— Sasa nyumbani anarudi saa ngapi?

Mkasi akamwangalia Hansadi. Hansadi, mwenye tarehe ya kila kitu, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Mong'ina akainamisha chupa juu ya kikombe chake mwenyewe, na hakikutoka kitu, akaitikisa, akaiweka chini.

Onyiego akatoa simu. Mara hii hakuifuta kwa kifua. Alibonyeza tu, akaiweka juu ya ubao kati yake na Hansadi, akaiacha iseme mpaka mwisho.

"...maana tulipokuwa tunacheza egesarate yeye ndiye alikuwa ng'ombe."

Halafu kicheko cha Cleophas, kile kile cha zamani, kinachoanzia puani.

Mkasi aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Hansadi akavua miwani.

— Jenerali wa kwato nne!

— Mnyime chai, mpe nyasi!

— Zimekwisha, nyasi zilichukua viti!

Onyiego akawaacha wacheke wamalize. Alikuwa anawacheka watu kila siku, alijua kicheko kina urefu wake.

— Nilikuwa ng'ombe, akasema. Nilikuwa na miaka sita, mkuki ulikuwa unanishinda. Nafungwa kamba ya mgomba shingoni, Clee na wenzake wananilinda. Vijana wa ng'ambo ya mto wanakuja kuniiba, wananificha kwenye majani chai. Clee ananitafuta. Ndio mchezo wote. Hakuna kuua. Atakayemrudisha ng'ombe nyumbani ndiye ameshinda.

— Na ng'ombe akitoroka mwenyewe? akauliza Esnah.

— Hairuhusiwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: ng'ombe hajirudishi.

Kuku akalia kikapuni.

— Siku moja ikanyesha kama hivi, Onyiego akaendelea. Wale walioniiba wakakimbilia kwao. Mchezo ukaisha, hakuna aliyemwambia ng'ombe. Nikabaki nimesimama kwa majani chai, kamba shingoni, nimepotea, nalia kidogo kidogo kama ndama. Giza likaanza kushuka. Kisha nikaona jani la mgomba linakuja, na miguu chini yake. Clee. Akaokota kamba, akasema, twende, ng'ombe wangu. Basi.

Mkasi akamsogezea sahani ya viazi.

— Mwandikie, akasema Hansadi. Ni saa kumi na moja kasorobo.

— Mwaka niseme upi?

— Wowote. Kwa mara ya kwanza nasema, wowote.

Onyiego akainua simu, akasogea ukingoni mwa mabati, mahali mvua ilipo kubwa, ili isikike vizuri kule inakokwenda. Akabonyeza, akashikilia.

— Clee. Ni mimi, Jenerali. Mahali ni hapa. Mwaka jaza mwenyewe, wewe ndiye msomi. Jeshi, mikuki, chora unavyotaka. Lakini waambie wakubwa wako hakuna kuchukua ramani. Anayeshinda ni yule anayemrudisha ng'ombe nyumbani kabla ya giza. Na vilima usichore kwa kukumbuka, utakosea. Ule mgomba wa kona ulianguka. Kwa kina Nyangate wamejenga. Uje uone.

Kidole hakikutoka. Nyuma yake, hata Mong'ina alikuwa amekaa.

— Na kuna kitu, Clee. Ile siku ya mvua. Huwa nasema nilikuwa nimepotea, hata sasa hivi nimewaambia hawa. Sikuwa nimepotea. Moshi wa jiko la mama nilikuwa nauona. Njia niliijua.

Akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

— Nilitaka tu uje wewe.