Upande wa Moshi: Maisha ya Dakta Maeng Hye-ran

Ndugu, majirani na akina mama wazamiaji wa kijiji cha Dolgot, familia imenipa mimi, mjukuu wa marehemu, Yun-seul, niwasomee maisha ya bibi yangu.

Dakta Maeng Hye-ran alizaliwa Daegu tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa fundi cherehani, akasoma huko hadi sekondari, kisha akasomea mila na maisha ya watu katika chuo kikuu Seoul, na tarehe 3 Mei 1978 alifika hapa kisiwani Jeju kuuliza habari za nyimbo za wazamiaji wanaovuna kombe kwa pumzi zao.

Siku hiyohiyo aliingia kwenye ua wa mawe mnakoota moto mkitoka baharini, akaketi upande usiofikiwa na moshi, asijue kwamba hapo hukaa wazamiaji wakubwa tu, na Bibi Bu Mal-sun, wakati huo bado kijana, akamwambia, "We msomi, hapo hapakaliwi kwa vyeti! Nenda kwenye moshi ukalie kidogo." Akahama, akatokwa machozi, wote wakacheka, naye akacheka.

Alipoanza kuuliza, Mal-sun akamkatiza, "Yako tumeyasikia, dada, na letu je? Mama yangu pumzi imepungua, kwenye kina hawezi tena, anakonda kwa kukaa nyumbani. Mbona mwamba wa mashariki, wenye maji mafupi, hatuuingii, eti una laana?"

Marehemu aliweka nyimbo kando, akalifanya swali hilo kuwa lake, akaenda nao nyumba kwa nyumba, na kila alichosikia alikirudisha penye moto kikasahihishwa, mpaka ikajulikana kwamba mwamba ule haukuwa na laana, bali zamani ulitengewa wazee, vijana wakakatazwa, kisha waliojua sababu wakafa wakati wa vita, likabaki katazo tupu. Aprili 1980 mama yake Mal-sun alirudi baharini.

Tarehe 10 Oktoba 1981 marehemu aliolewa na Hyeon Gi-tae, mkulima wa machenza, wakajaliwa binti mmoja, Bo-ra, na alifundisha chuoni hadi 2015. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023, mimi mjukuu wake nikaacha shule nimuuguze, naye akafariki nyumbani juzi, tarehe 6 Novemba 2025.

Jana wazamiaji walibishana picha yake ikae wapi kwenye ua, wengine wakitaka upande wa wakubwa, ndipo Bibi Mal-sun akaingia, ametoka mwamba wa mashariki, maji yakimchuruzika, akasema, "Huko atakuwa mgeni. Mwekeni kwenye moshi, ndiko tulikomzoea." Ikawekwa huko.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mlioleta uji na kukesha nasi.

Upumzike kwa amani, Bibi, nafasi yako haikaliwi na mtu.