Mama, Mlimau na Picha Tatu

Benchi la mbele ya banda la kinyozi lina miguu minne, mmoja wao tofali. Limekaa chini ya kibaraza, kivulini, na mbele yake mtaa unawaka jua mpaka mtu anakunja uso kuutazama. Hapo ndipo dunia hutengenezwa kila siku baada ya chakula cha mchana, na kesho yake ikakutwa imeharibika vilevile. Mwenyeji ni Redio, kinyozi, ambaye hakuna aliyewahi kumzima. Pembeni yake hukaa Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyebatizwa jina hilo na wenzake kwa sababu ndicho kitu alichokuwa akikisahau. Shangazi, muuza kahawa, ana birika, kwa hiyo ana neno la mwisho. Siku hiyo Fleshi, mpiga picha mwenye studio mlango wa pili, alikuja na kamera shingoni, stendi ya miguu mitatu begani na kompyuta kwapani, akaketi bila salamu. Mtu mzima akiketi hivyo, ana jambo.

— Nani kafa? Redio akauliza.

— Hajafa mtu. Mama anahama kesho.

Hilo walilijua. Nyumba ya mama yake, kichochoroni nyuma ya studio, ilikuwa inabomolewa kupisha barabara, na yeye anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali. Wasilolijua ni kwamba alikuwa ameomba kitu kimoja tu: picha ya nyumbani, akiwa amekaa penye cherehani yake, na dirishani uonekane mlimau aliopanda marehemu mumewe. Ombi dogo, na mwanawe ni mpiga picha. Lakini Fleshi alikuwa amehangaika tangu asubuhi. Akipima mwanga wa mlimau ulioko juani, mama anatoka mweusi tii. Akipima mwanga wa mama aliyeko ndani, dirisha linakuwa jeupe kama shuka, mlimau hakuna.

— Si upige fleshi, bwana, Breki akasema. Jina ulipewa la nini?

— Nimepiga. Mama katoka mweupe kama sahani, na kwenye kioo cha dirisha umetoka mwanga mtupu.

Alisema hivyo akitazama chini. Miaka yote hiyo fleshi ilikuwa imemtatulia kila kitu, harusi na vitambulisho, na leo imemwangusha kwa mama yake mzazi.

— Sasa nimesoma kwenye simu, kuna namna, akaendelea. Kamera unaiweka kwenye stendi, isitikisike. Unapiga picha tatu za kitu kilekile. Moja ya giza, upate mlimau. Moja ya kawaida. Moja ya mwanga mwingi, upate mama. Halafu kompyuta inachukua palipotoka vizuri kwenye kila moja, inaunganisha.

— Huo wizi, Redio akasema.

— Wizi wa nini?

— Uso unatoa huku, mti unatoa kule. Iko siku mtu atakuja kudai mlimau wake.

— Damu nzito kuliko maji, Breki akaunga mkono, na hakuna aliyepata nguvu ya kumuuliza inahusianaje.

— Mimi naona tatizo ni paa, Redio akasema. Nyumba si inabomolewa? Ng'oeni mabati leo. Jua litaingia kwa juu, ndani na nje vinakuwa sawa.

— Mama yumo ndani.

— Atavaa kofia.

— Achaneni na mabati, Breki akasema. Namwita mwenzangu na lori lake. Tunaliingiza kichochoroni, taa zote kamili mlangoni kwa mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nani ainame?

— Lori.

— Kichochoro kile hakipitishi hata toroli, Shangazi akasema akimimina. Ng'oeni mlimau, mumwekee ndani.

Wakamtazama wajue kama anatania. Yeye akaendelea kumimina.

— Basi, Fleshi akasema. Nitajaribia hapa kwanza. Nyinyi mko kivulini, mtaa uko juani. Ni kama chumba cha mama.

Akasimamisha stendi ndani ya banda la kinyozi, kamera ikatazama nje kupitia mlangoni, wao wakageuza benchi wamwelekee. Tofali likasahauliwa, benchi likalala upande, wakaanza upya.

— Msitikisike mpaka nimalize zote tatu. Na msiongee.

— Hata kumeza mate? Redio akauliza, kamera ikalia.

— Hata kumeza.

— Nimeuliza tu, kamera ikalia tena.

— Redio.

— Yule pale si ndiye aliyenyolewa akaondoka na taulo langu? Redio akageuka, akanyoosha kidole mtaani, na kamera ikalia mara ya tatu.

Fleshi akafungua kompyuta magotini. Picha tatu zikawa moja, naye, kwa ugeni wake wa mambo hayo, akavuta kila kitufe cha rangi mpaka mwisho, kama mtu aliyepewa sukari ya bure. Wakamzunguka.

Ilikuwa kweli. Mtaa ulionekana wote, mpaka nguo zilizoanikwa ng'ambo, na kivulini kila kitu kilionekana pia, tofali likiwemo. Ila mbingu ilikuwa na rangi ya jicho lililopigwa ngumi.

— Mbona nina mikono mitatu? Redio akauliza.

— Niliwaambia msitikisike.

— Na midomo je?

— Hiyo hata bila kamera tunaiona mingi, Breki akasema. Mimi nimetoka vizuri.

— Wewe umetoka marehemu.

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo.

— Na hii mikunjo umeitoa wapi?

— Ilikuwemo, Shangazi. Ilikuwa imefichwa na kivuli.

— Basi kivuli kina adabu kukushinda.

Fleshi hakujali. Alirudisha vitufe nyuma, taratibu, kimoja kimoja, mpaka mbingu ikawa mbingu na Shangazi akapunguziwa makali. Moyo ukamjaa. Kumbe inawezekana. Mama atakaa, mlimau utasimama, havitagombania mwanga tena, na popote atakapokuwa atafungua picha aione nyumba yake nzima.

— Umekwama wapi wewe? Jua linahama kabla yangu.

Alikuwa mama mwenyewe, ametokea kichochoroni, uzi mweupe bado umenata begani. Wote wakainuka.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Kaeni, benchi lenyewe hilo halitabiriki.

Fleshi akamweleza kwa furaha yote aliyokuwa nayo: stendi itakaa mlangoni, yeye penye cherehani, asitikisike, picha ya giza, ya kawaida, ya mwanga, mlimau utatoka hadi majani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza akisoma kitabu cha shule.

— Sawa. Na wewe utakaa wapi?

— Mimi, mama? Mimi ndiye mpiga picha.

— Kazi yako naijua. Nimesema nataka picha ya nyumbani. Nimekuuliza utakaa wapi.

Fleshi akaitazama kamera yake. Picha zote za nyumbani alipiga yeye: harusi ya dada yake, baba akimwagilia mlimau, mazishi ya baba. Hakuna hata moja ambayo yeye alikuwemo. Yote ya giza na mwanga alikuwa ameyapigia hesabu, hili hakulifikiria, na lilimuuma. Akamtazama Redio. Redio akatazama tofali. Breki akatafuta methali, akaikosa. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe, pakadondoka tone moja.

— Hiyo miguu mitatu, Breki akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Si inasimama yenyewe?

— Inasimama, Fleshi akasema. Na kamera inaweza kupiga yenyewe.

— Ndiyo maana nimeuliza, mama akasema. Utakaa pembeni yangu, upande wa dirisha. Lakini si na hizo nywele. Kinyozi, ninyolee mwanangu haraka.

Fleshi akaingia akakaa kwenye kiti. Mama akasimama mlangoni akilitazama jua, na Redio akamnyoa kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno.