Sauti Iliyomwita Kosta: Maisha ya Polycarpe Cirhuza Mugangu (1946–1991)

Ndugu, majirani wa Cimpunda, wanamuziki na waumini wote mliotoka mbali na karibu, familia ya Mugangu inawashukuru. Marehemu hakupenda hotuba ndefu. Mtu akisimama na karatasi mkononi, yeye alianza kuangalia mlango. Leo hana njia ya kutoroka, basi atatuvumilia.

Polycarpe Cirhuza Mugangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Mudaka, wilaya ya Kabare, mtoto wa mwisho wa papa Grégoire Mugangu, mkulima na katekista, na maman Bibiane. Marehemu mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alilia kwa sauti nzuri hata majirani hawakulalamika. Alikuwa mama yake, tumwachie. Aliyembeba mgongoni, shambani na kisimani, ni dada yake mkubwa Madeleine, na nyimbo za kwanza alizozijua alizisikia kutoka mgongo huo, dada akipalilia maharagwe.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1953. Madeleine alipoolewa akahamia Cimpunda, alimchukua mdogo wake ili asome sekondari mjini Bukavu. Katika kwaya ya shule alipewa sauti ya tatu, lakini akawa anaimba na ya kwanza na ya pili pale wenzake walipochelewa, mpaka padri mwalimu akamwomba afunge mdomo ili wengine nao wapate kazi. Vita vya mamluki vya mwaka 1967 vilifunga shule na kuwarudisha wote Mudaka. Mji ulipotulia, Polycarpe hakurudi tena darasani. Aliajiriwa kuwa karani katika ghala moja la kahawa, na kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu hadi ugonjwa ulipomzuia.

Lakini hakuna aliyekuja hapa leo kwa sababu ya kahawa. Mwaka 1969 aliingia katika orkesta ya Nguba Succès, ambayo majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku iliitwa Elanga, na yeye mwenyewe jukwaani akawa Cirhuza tu. Kiongozi alikuwa papa Évariste, mpiga ngoma. Gitaa la solo lilikuwa mikononi mwa Constantin, ambaye mji mzima unamwita Kosta. Mnajua jinsi nyimbo zetu zinavyokwenda: mwimbaji anaimba pole pole, kisha wakati wa kuchangamka unapofika, anamwita mpiga gitaa kwa jina, na miguu ya watu inaamka. Kila Jumapili alasiri, miaka nenda miaka rudi, Polycarpe alifumba macho na kuita, “Kosta, ingiya!” Naye Kosta aliingia. Walizoeana hivyo hata walikuwa hawaangaliani.

Ni Kosta pia aliyempatia mke, au angalau ndivyo anavyopenda kudai. Mwaka 1971 orkesta ilikuwa ikielekea Uvira, gari likaharibika Sange. Wakati wengine wanasukuma, Kosta alikwenda kuomba maji kwenye nyumba ya karibu, akarudi akimwambia mwenzake, “Wewe wende sasa, mi nimeshakunywa.” Polycarpe alienda, akachelewa kurudi, na gari likatengenezwa bila yeye. Huyo ndiye maman Adélaïde Feza, mwalimu wa shule, mke wake mpendwa. Walifunga ndoa takatifu Kadutu tarehe 16 Desemba 1972, Kosta akiwa shahidi. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tufike mahali ambapo kila mtu hapa ana hadithi yake. Mwaka 1977 Elanga ilipiga Bujumbura, na mtayarishaji mmoja kutoka Nairobi akamsikia Polycarpe. Alimtaka aje kurekodi santuri nzima, lakini peke yake. Wapiga vyombo alikuwa nao kwao. Papa Évariste alikata neno: “Tunaenda bote, ao tunabakia bote.” Polycarpe alikonda kwa mawazo. Ni maman Adélaïde aliyemwambia, “Ukibakia juu yetu, siku moja utatukasirikia. Wende.” Alikwenda Februari 1978. Siku ya kuondoka hakuna hata mwanamuziki mmoja aliyekuja kumuaga, na Kosta alipokutana naye barabarani alimpa kisogo. Polycarpe alisema baadaye kwamba safari yote hadi Nairobi aliuona mgongo ule.

Studio ya Nairobi ilikuwa chumba kimoja. Wote walipiga pamoja kwa mara moja, na mpiga gitaa alikuwa kijana mpole aitwaye Odera, fundi wa kweli. Wimbo wa mwisho uliitwa “Feza”. Polycarpe aliimba akifumba macho, akafika pale pa kuchangamka, na kinywa chake kikafanya kilichozoea kufanya Bukavu. Kikaita, “Kosta, ingiya!” Odera alidhani ni maneno ya Wazairwa ya kutia moyo, akaingia, akapiga kama mtu aliyetumwa na malaika. Mtayarishaji alifurahi akazima mashine. Polycarpe mwenyewe hakutambua lolote, akarudi nyumbani Bukavu.

Santuri ilifika Bukavu wakati wa kiangazi. Kwenye jalada palikuwa na uso wake na jina alilolichagua mtayarishaji, “Mimi Mwenyewe”. Jina la mpiga gitaa halikuandikwa, kama ilivyokuwa desturi. Wapo waliosema wimbo wa mtu aliyeacha wenzake hawauchezi, wakakaa vitini mwao wakikaza shingo. Lakini akina mama wa soko la Kadutu hawakuulizwa, wakaimba “Feza” wakipanga nyanya, na juma la pili hata wenye shingo ngumu walionekana wanagonga meza kwa vidole. Ukawa wimbo wa harusi, wa ubatizo, wa kupokea mgeni. Juu ya sauti, watu walisema ni nzuri. Juu ya gitaa, mji ulishikwa na wazimu. Watu walimsimamisha Kosta njiani wakimpa mkono: “Leo umetuonyesha! Kumbe ulikuwa unatufichia!”

Kosta alikana. Wakacheka. Papa Évariste na wenzake hawakucheka. Walimwita wakamuuliza alikwenda Nairobi lini kwa siri, na aliposema hajawahi kufika, walimwekea santuri. Sauti ya Polycarpe ikamwita wazi wazi, na gitaa likaingia. Wanamuziki wazima, wanaomjua tangu ujana, waliposikia jina masikio yao yaliacha kusikiliza vidole. Walimtoa katika orkesta. Hivyo rafiki aliyebaki akaadhibiwa kwa kwenda.

Mchana mmoja Kosta alipanda Cimpunda hadi kwa Madeleine, ambako Polycarpe alikuwa amekuja kula. Dada alikuwa anasonga bugali.

“Ndugu yako iko?”

“Iko. Lakini kama unamufuata na ule uso, utaanza kupita kwangu,” Madeleine alisema, na mwiko akautoa chunguni.

Polycarpe alitoka. Kosta alimwambia, “Mbele ya batu bote unaniita, na mi siko! Juu ya nini ulifanya vile?”

“Mi sikukuita,” Polycarpe alisema, na alisema kweli kadiri alivyojua. Hakuwa na gramafoni. Kwenye baa za wanamuziki hakuthubutu kuingia. Wimbo wake aliusikia akipita barabarani kwa haraka, na hakuwahi kusimama hadi sehemu ya gitaa.

Walikwenda kwa jirani mwenye gramafoni, Madeleine akiwafuata na mwiko wake. Waliposikia ile sauti ikiita, Polycarpe alikaa chini, akashika tama. Akasema, “Kosta, unisamehe. Ni kinywa kilikuzoea.”

Kosta alijibu, “Batu bananisifu kwa kazi ya mwingine, na bananifukuza juu ya safari sikuifanya. Unifanyie nini sasa?” Akaondoka. Madeleine alimrushia maneno mpaka akapotea mtelemkoni, na kwa mambo ya ndugu yake dada huyu hasahau upesi.

Marehemu hakuwa mtu wa kujionyesha, lakini siku zilizofuata alizunguka baa za Kadutu na Nyawera, akisimama mbele ya watu kuwaambia: gitaa lile si la Kosta, ni la mtu wa Nairobi anaitwa Odera, mumupe heshima yake. Watu walimpigia makofi. Walisema, huyu ndiye rafiki, anavyomkinga mwenzake! Kadiri alivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini. Angeweza kunyamaza: santuri ilikuwa inakwenda vizuri, na hakuna aliyemdai ukweli. Alisema hawezi kula sifa ambayo rafiki yake anaifia njaa.

Mwishowe alikwenda kwa papa Évariste, akaomba jambo moja tu: wampe Kosta gitaa Jumapili apige “Feza” mbele ya watu. Papa Évariste alisita, akakubali. Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Polycarpe alikaa kati ya wasikilizaji, maana hakuwa tena wa orkesta. Kosta alipiga. Kwenye santuri Odera alikuwa amekimbia kama maji ya mvua. Kosta alitembea, akasimama penye Odera alipopita, akarudi nyuma, akacheka na nyuzi kama anavyofanya yeye peke yake hapa duniani. Ngoma zilinyamaza. Papa Évariste alikuwa ameinua vijiti na hakuvishusha. Akasema kwa sauti ambayo wengi waliisikia, “Haiko yeye. Ile gitaa ya disque ya Nairobi, haiko yeye. Sisi ndio tulikuwa viziwi.” Kisha akamtazama Polycarpe kitini. “Na wewe unakaa pale ya nini? Njoo uimbe.”

Alipanda akaimba. Maman Adélaïde anasema ndiyo siku pekee aliyomwona mumewe akiimba na macho wazi.

Tangu hapo hakuacha tena Elanga. Mtayarishaji alimwita mara nyingine. Alijibu kwamba atakuja na wenzake wote au haji, na hakuitwa tena. Tunakiri kwamba wengine wetu tulimwona mjinga. Yeye alishukuru tu: santuri moja, alisema, imenirudishia watu ambao ningewapoteza bila kujua. Na kila mahali “Feza” ilipopigwa, alihakikisha jina la Odera linatajwa kwanza.

Mwaka 1988 ugonjwa wa figo ulimshika. Ninyi wa Cimpunda mnajua njia zetu: gari linakomea chini, na mgonjwa hubebwa. Siku zote za hospitali ni Kosta aliyembeba mgongoni na kumshusha mtelemko ule, mvua na jua, na kumpandisha tena, akimsimulia uongo wa vichekesho ili asisikie maumivu. Watoto walikuwa wameanza kuwa vijana, walijitolea, aliwakatalia. Tunawashukuru madaktari, wauguzi na masista kwa uvumilivu wao. Polycarpe alipokea sakramenti akiwa na akili timamu, akatuaga mmoja mmoja, na akafariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Mei 1991, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Tulipokaa kuandaa maneno haya, Kosta aliomba jina lake liwekwe mwishoni, chini ya jamaa, pamoja na marafiki wa orkesta. Maman Madeleine, ambaye tangu ile siku ya mwiko alikuwa akimpakulia chakula Kosta baada ya wageni wote, alimkatiza aliyekuwa akiandika. “Hapana,” alisema. “Mi nilimubeba ndugu yangu akiwa mutoto. Ule alimubeba akiwa mukubwa, na mukubwa ni muzito. Mumuandike kwa bandugu, pembeni yangu.” Kosta alitoka nje, na hakuna aliyemfuata, maana mwanaume naye ana haki ya kulia.

Kwa hiyo marehemu ameacha mjane, maman Adélaïde Feza; watoto, Noëlla, Raphaël na Marie-Louise; na ndugu zake wawili, Madeleine na Constantin.

Asante, Polycarpe. Mungu akupokee kwake, upate amani na pumziko.