Aliyeniitikia Nyuma ya Ukungu

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena, maana ninyi wa viti vya nyuma sikuwasikia vizuri! Ninaitwa Bauma. Wengi mnanijua kama yule baba wa goti bovu anayepanda milima ya Masisi kwa baiskeli huku vijana wenye magoti mazima wanasukuma zao. Mmenicheka sana, na mimi nimecheka pamoja nanyi. Leo nitawaambia kwa nini ninapanda. Baada ya hapo, atakayetaka kucheka acheke.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa chukudu. Miaka mingi nilishusha viazi na makala ya kupikia kutoka vilimani juu ya ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Breki yake ni kipande cha mpira wa gari kwenye gurudumu la nyuma. Unakikanyaga kwa mguu na kumwomba Mungu. Kazi hiyo nilifanya na Amani, mzaliwa wa Buleusa kule Walikale, mwenzangu wa njia na wa kwaya ya kanisa hili. Mimi nilitangulia, yeye alifuata.

Watu wa chukudu tuna sheria yetu ya ukungu. Wa mbele akisimama ao akikuta hatari, anapaza sauti: "Simama we!" Wa nyuma anajibu: "Nasikia!" na kukanyaga breki. Wa mbele akinyamaza, maana yake njia iko wazi, na wa nyuma anaachilia mzigo ushuke. Hata watu waliogombana wanaitana.

Mimi niliivunja sheria hiyo. Jinsi gani, mtajua mwisho. Sasa nisikilizeni.

Siku ile nilisimama kwenye kona kukaza kamba ya mzigo. Amani akashuka, akagonga chukudu yangu, mguu wangu ukavunjika chini ya magunia. Yeye akapita juu yangu akaanguka bondeni. Alikufa kabla watu hawajamfikia. Hapa kanisani nilisimama na magongo yangu nikasema: "Nilimwita. Hakusikia." Mlilia nami. Mama yake hakuweza kufika kwenye mazishi. Alipelekewa maneno hayo hayo Buleusa. Mwanawe hakusikia.

Huko Kirotshe, kwenye hospitali, mama aliyekuwa akininyoosha mguu aliniambia: "Papa Bauma, hii goti itakauka kama mti. Tafuta kinga, baiskeli ya chuma, upige pedali kila siku." Shemeji yangu akanipa baiskeli kuukuu. Wiki za kwanza nilizunguka kando ya ziwa, pale pa tambarare, nikilia kwa maumivu. Kisha nikajaribu mlima mmoja. Kisha wa pili. Mungu ni mwema! Goti lililokataa kupiga magoti likakubali kupiga pedali! Nikaanza kwenda mbali, mpaka Kashuga, kumwona dada yangu aliye kambini pamoja na watu waliokimbia vita. Niliipenda ile njia. Juu ya baiskeli sikuwa kilema.

Lakini siku moja, nikishuka asubuhi, ukungu ukafunga njia. Mnyororo ukatoka. Nikasimama, na kwa mazoea, bila kufikiri, nikaita: "Simama we!"

Nyuma yangu, juu ya kona, sauti ikajibu: "Nasikia!"

Ndugu zangu, nilifurahi! Nilidhani ni mtu wa mzigo. Nikasogea kando nimpishe. Nikangoja. Ukungu ukaondoka, jua likatoka, ng'ombe wakaonekana kilimani. Njia ilikuwa tupu mpaka juu. Na ile sauti niliijua. Niliimba karibu nayo miaka sita.

Nikasema, basi, sitaita tena. Safari iliyofuata ukungu ulipokuja nilisimama kwenye kona na kufunga mdomo. Nikasikia gurudumu la mbao likilia kule juu. Likashuka. Likaongeza mwendo, maana nilikuwa nimenyamaza, na wa mbele akinyamaza njia iko wazi! Lilikuja mpaka nikasikia magunia yakigongana. Nikapiga kelele: "Simama we!" Gurudumu likanyamaza hatua moja nyuma ya mgongo wangu. "Nasikia," sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Sikugeuka. Nawaambia ukweli, sikugeuka.

Siwaambii ilikuwa roho ya marehemu. Wachungaji wako hapa, wataeleza wao. Nawaambia nilichosikia kwa masikio haya.

Nikaenda kwenye chumba cha maombi. Wanamaombi walifunga kula, wakakemea, wakanipaka mafuta. Mnakumbuka, wengine mlikuwapo. Haikuondoka. Ndipo Mama Furaha, kiongozi wa wanamaombi, akaniangalia sana akaniuliza: "Papa Bauma, tuko tunafukuza nini? Ile sauti inakutukana?" Nikasema hapana. "Inasema nini basi?" Nikasema: inasema inasikia. "Na wewe ulituambia nini juu ya Amani?"

Niliaga nikatoka.

Sasa niwaambie kilichotokea kwenye ile kona. Wiki ile Amani alikuwa amechaguliwa kuongoza kwaya, na nafasi hiyo niliitaka mimi. Wivu, ndugu zangu! Baba mzima, mwenye watoto, wivu juu ya kwaya! Tangu asubuhi sikumsemesha. Nilipokuwa nakaza kamba nilimsikia anakuja. Nilijua napaswa kuita. Nikasema moyoni, leo sitakuwa wa kwanza kufungua mdomo, aanze yeye. Nilinuna. Nilipofungua mdomo alikuwa amefika.

Sikumwita. Hilo ndilo nililolificha.

Nikafunga nguo mbili na chupa ya maji, nikapanda baiskeli kwenda Buleusa kwa mama yake. Kutoka Kashuga ni milima juu ya milima, kisha msitu na matope yanayomeza gurudumu. Nililala kwa katekista mmoja njiani. Kesho yake mchana, kwenye mteremko wa mwisho, ukungu ulinikuta. Niliita kila kona. Kila kona nilijibiwa. Nilikuwa nalia na kuita, sikujua tena kama naogopa ao nashukuru kwamba siko peke yangu.

Mama Amani alikuwa mlangoni. Alikuwa ameweka mezani sahani mbili za ugali na mboga ya sombe. Akanisalimu, akaangalia nyuma yangu.

"Mwenzako iko wapi? Tulisikia muko wawili munashuka, munaitana."

Nikaanguka chini na goti langu bovu. Nikamwambia yote: kwaya, kamba, kununa. Nikamwambia, mtoto wako alikuwa na masikio, Mama. Mimi njo nilinyamaza. Hakulia. Kisha akanawa, akakaa mbele ya ile sahani ya pili.

"Sina nguvu ya kukujibu leo," akasema. "Kula. Utarudi, nitakujibu."

Tulikula, nikaaga. Njiani kurudi niliita, na nilijibiwa, lakini kutoka mbali zaidi.

Baada ya mwezi nikapanda tena. Milima ile ile, matope yale yale. Kwenye mteremko wa Buleusa ukungu ukashuka. Nikaita kwenye kona ya kwanza. Kimya. Nikaita kwenye ya pili. Maji tu, yakidondoka kwenye majani. Nilisimama pale nikaita mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mtu aliyekombolewa anapaswa kuruka kwa furaha, lakini mimi nilimlilia Amani siku ile kwa mara ya kwanza.

Mama yake alinipokea na sahani moja.

"Leo tumesikia mutu moja tu," akasema. Akaweka mkono juu ya kichwa changu. "Nimekusamehe, mutoto wangu. Lakini ile bongo, ule uongo wako, uliisemea kanisani. Uende uiondoe kanisani."

Ndiyo maana nimeomba nafasi leo, ndugu zangu. Namshukuru Mungu kwa mguu huu. Namshukuru kwa milima yote aliyonipitisha mpaka nikafika kwenye mlango mmoja. Na wewe uliyekaa hapo na jambo ulilolifungia mdomo, mtumaini Yesu, uinuke, uende. Kama ni mbali, baiskeli yangu iko nje, ichukue.

Sasa naiondoa ile bongo mbele yenu, kama mama alivyoniagiza. Amani alisikia vizuri. Mimi sikuita.