Kiwiko cha Tavin Kimepanda Namba Mbili

Hebu niambie wewe, na usinijibu kwa adabu: umeshawahi kushinda na njaa kwa ajili ya kiwiko cha mtu usiyemjua? Basi kanisa letu la Mtaa wa Kisima, hapa Tolliver, Missouri, limefunga na kuomba wiki tatu kwa ajili ya kiwiko kimoja. Na mimi nilifunga, japo ukiwa huna kazi hujui kama umefunga au umekosa tu. Jumamosi hii asubuhi nimekaa kijiweni kwetu, benchi la kijani mbele ya duka la donati, lile lenye mguu mmoja wa tofali. Kulia kwangu yuko Mjomba Verlin, ndugu wa mama yangu, tunayemwita Kocha wa Kochi. Kushoto yuko Daktari, aliyetibu ng'ombe miaka arobaini na sasa anatibu watu kwa mdomo. Pembeni kabisa yuko Askofu. Kanisa letu halina askofu, na cheo kikubwa alichowahi kushika ni kupitisha kikapu cha sadaka. Mimi wananiita Digrii, kwa sauti ile ile mtu anayotumia kutaja upele wa jirani.

Kwa asiyejua, hapa kanisani tuna ligi ya kuwazia ya besiboli, timu kumi na mbili. Unachagua wachezaji wa kweli, wanaocheza huko kwenye viwanja vikubwa, unawapanga kwenye simu yako. Wao wakitoka jasho, wewe unahesabiwa pointi ukiwa umelala kwenye kochi. Fainali ni wiki hii: Mjomba dhidi ya Mchungaji.

Mjomba alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

— Glenda kasema kesho Tavin apelekwe mbele ya kanisa, akasema. Mchungaji anataka kumpaka mafuta.

Daktari akatema donati.

— Tavin yupi? Tavin Rusk? Yule mrushaji mpira wa timu yako?

— Ndiyo huyo.

— Yule anayeishi Arizona? Anayelipwa hela ya kununua wilaya nzima?

— Daktari, nimeshasema ndiyo!

Ikabidi Mjomba aeleze upya, maana Askofu huwa anasinzia hadithi inapoanza na kuamka inapofika kwenye lawama. Nyumbani kwa Mjomba hakuna mtu anayegusa uma Jumatano jioni kabla ya kutoa ombi moja la sala. Anti Glenda, mkewe, ndiye mkuu wa mnyororo wa maombi: anaandika maombi ya kila nyumba kwenye daftari, kisha anampigia wa pili, wa pili anampigia wa tatu, mpaka mji mzima umeomba. Jumatano ile zamu ya Mjomba ilifika macho yake yakiwa kwenye simu chini ya meza. Akaropoka, "Kiwiko cha Tavin." Anti akauliza, "Tavin ndiye yule kijana mgeni pale ghalani unapofanya kazi?" Mjomba akaangalia nyama inavyopoa. Akasema, "Mhm."

ASKOFU: Huo si uongo. "Mhm" si neno.

DIGRII: Kwa hiyo mjomba amedanganya kwa pua.

MJOMBA: We mtoto, nina shida hapa.

Kweli ana shida. Kwa Anti kilitoka kiwiko. Kwa mtu wa pili kikawa upasuaji. Wa tano akasikia mkono umekatwa. Ilipofika kwa akina Pruitt, Tavin alikuwa amekatwa mkono, mama yake ni mjane, na hajui atavunaje mahindi. Kina mama wakaingia jikoni. Na kina mama wa Mtaa wa Kisima wakiingia jikoni kwa huruma wanatoka na chakula kimoja tu: tambi za kuoka na kuku, jibini juu, na krispi za viazi za kusaga juu ya jibini. Mabakuli tisa. Mjomba akawaambia, "Leteni pale kijiweni, nitampelekea mwenyewe."

Tavin hajaonja hata uzi mmoja wa tambi. Tumekula sisi. Na mimi nilikula, sikatai. Digrii yangu imeandikwa Kilatini, na Kilatini hakijaniitia usaili hata mmoja. Sasa mabakuli tisa yako chini ya turubai nyuma ya gari la Mjomba, kila moja limebandikwa utepe chini wenye jina la mwenye bakuli, kama mashahidi tisa wanaosubiri kuitwa mahakamani. La bluu ni la Anti Glenda mwenyewe.

DAKTARI: Mimi naona rahisi. Sema amepona, amehama.

MJOMBA: Mkono umekatwa, Daktari. Amepona vipi?

DAKTARI: Niliwahi kuona ndama...

DIGRII: Usituletee ndama.

DAKTARI: Ndama aliota mguu wa tano! Mungu akiweza kuongeza wa tano, atashindwaje kurudisha wa pili?

Askofu akanyoosha mgongo. Hapo ukajua kwamba ameshafika kwenye kitu.

ASKOFU: Ninyi mnaangalia mkono. Mwangalieni Mchungaji. Na yeye yuko kwenye ligi. Kila siku anakagua timu ya Verlin. Hajui Tavin ni nani?

MJOMBA: Yesu wangu. Anajua.

ASKOFU: Anajua! Wiki tatu anasimama mimbarani anaombea mkono unaoweza kumnyang'anya kikombe. Mtu wa kawaida hawezi. Huyo ama ni mtakatifu, ama anaomba kwa maneno huku moyoni anaombea kinyume.

DAKTARI: Ndiyo maana kiwiko hakiponi!

ASKOFU: Watu mia mbili wanavuta huku, mchungaji mmoja anavuta kule. Kiwiko kimekwama katikati. Kesho anakutegea mtego, Verlin. Chupa ya mafuta mkononi, anakutazama machoni: "Ndugu, mgonjwa yuko wapi?"

Mjomba akanywa kahawa yote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto. Machozi yalimtoka, sijui ni kahawa au Mchungaji.

MJOMBA: Glenda amelishika daftari lile miaka ishirini na mbili. Hajawahi kukosea hata jina. Nikiumbuka peke yangu, sawa, nimezoea. Ila kanisa zima litasema Glenda Stubbs aliwafungisha watu kwa ajili ya mchezo wa simu. Atafunga daftari. Namjua. Atalifunga na hatalifungua tena.

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu mtu kusema jambo la maana kwenye benchi lile, na hatukujua tufanye nalo nini. Ndipo Daktari akaniangalia. Akaniangalia bega, kisha mkono, kama anapima ndama wa maonyesho.

DAKTARI: Digrii, wewe una urefu gani?

DIGRII: Hapana.

DAKTARI: Sijasema kitu.

DIGRII: Nimeona unavyowaza. Hapana.

ASKOFU: Mkono mmoja ndani ya koti. Kofia ya besiboli mpaka kwenye nyusi. Dakika tano tu mbele ya kanisa.

DIGRII: Mimi ni mwanamke! Nimebatizwa kanisa hilo hilo! Mama yangu anapiga piano hatua tatu kutoka hapo mnapotaka nisimame!

MJOMBA: Utaangalia upande wa pili.

Jamani. Miezi kumi na minne natuma maombi ya kazi. Nimeandika barua mia moja na sita, nyingine nimeziandika nikilia. Na mchongo wa kwanza kabisa kuitiwa ni huu: kijana wa kiume, mlemavu, wa muda, siku moja, mbele ya mama yangu.

DIGRII: Mshahara?

MJOMBA: Kuna tambi.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu jibu ambalo kanisani hawalifundishi, gari dogo la rangi ya siagi likaegesha matairi mawili juu ya kibaraza. Akashuka Bibi Ardith, miaka themanini na sita, amekumbatia bakuli la moto kwa taulo. La kumi.

Tulisimama wote. Daktari akavua kofia. Bibi Ardith haji kijiweni. Anaamka saa kumi na moja kila alfajiri kuombea listi nzima kwa majina, kisha anarudi kulala. Akaweka bakuli juu ya benchi, akajifuta mikono, akamtazama Mjomba.

BIBI ARDITH: Verlin, mwanangu. Huyu kijana Tavin anaendeleaje?

Basi. Hilo tu.

Daktari angeweza kumwambia Tavin amekosa mechi ngapi. Askofu alijua kila mtu aliyemshinda tangu Aprili. Mjomba alijua kasi ya mpira wake kabla ya kuumia na pointi alizomletea kila wiki. Wanaume watatu wanaomjua Tavin kuliko wanavyojua siku za kuzaliwa za wake zao. Hakuna hata mmoja aliyejua kama mtu yule analala usiku, kama anaweza kushika kijiko, kama kuna mtu amempelekea chochote. Walitazama tofali la benchi.

MJOMBA: Bibi... nilimtoa kwenye timu. Jumanne.

BIBI ARDITH: Timu gani?

MJOMBA: Ya kwenye simu. Anacheza besiboli, Bibi. Simjui. Hajawahi kufika hapa. Alikuwa haniletei pointi nikamtoa, nikachukua mwingine mwenye kiwiko kizima. Tambi tumekula sisi.

Nilisubiri radi. Bibi Ardith alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikitembea.

BIBI ARDITH: Kwa hiyo mkono anao?

MJOMBA: Anao.

BIBI ARDITH: Yote miwili?

MJOMBA: Yote miwili, Bibi. Ni kiwiko tu.

BIBI ARDITH: Bwana asifiwe! Mkono umerudi!

Akatoa simu mkobani, ile ya kufunguka kama ganda, akaanza kubonyeza namba. Mnyororo unasema habari njema ianzie kwa mkuu. Na mkuu ni Anti Glenda.

Sijawahi kumwona Mjomba akikimbia, na hata leo hakukimbia. Alianguka kuelekea kwenye simu. Alimshika Bibi mkono kwa upole, akaichukua, akaiweka sikioni. Alikuwa mweupe kama donati ya sukari.

— Glenda, mke wangu, ni mimi. Usiandike kitu. Weka kalamu chini kwanza.

Akasema yote. Akasema mpaka "mhm". Halafu sauti ya Anti ikatoka kwenye kile kisimu, tukaisikia benchi zima:

— Bakuli langu la bluu, Verlin. Na lenyewe mlilila?

— Tulianza na hilo, mke wangu. Ndilo lilikuwa tamu kuliko yote.

Kisha:

— Kesho utasimama wewe mbele. Utawaambia mwenyewe, na mabakuli yote utayarudisha mlango kwa mlango, yakiwa yamejaa. Na utapika wewe. Na mtoto wa watu bado anaumwa kiwiko, kwa hiyo simfuti. Daftari ni langu.

Mjomba akafunga simu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Hajalifunga," akaniambia. "Digrii, hajalifunga." Kisha uso ukamshuka. "Tambi zinapikwaje?"

Daktari alinyoosha mkono kwenye bakuli la kumi. Bibi Ardith akampiga kofi la vidoleni, akalibeba na kulitua mapajani mwangu.

— Kula wewe, mwanangu. Wewe huna hata kiwiko cha kukusemea.

Nimelila lote, sikumgawia mtu, na sasa nina nguvu ya kusema. Wazee wa kanisa la Mtaa wa Kisima, na wewe Anti Glenda mwenye kalamu: miezi kumi na minne niko namba kumi na tisa kwenye listi yenu, chini ya mbwa wa akina Pruitt, aliyepona Machi. Kiwiko cha tajiri wa Arizona kimepanda namba mbili kwa wiki moja. Kibakizeni, nami namwombea, maskini. Lakini kabla ya ibada ya kesho niandikeni namba tatu, kwa jina langu kamili, Maribeth Coyle, na mfute pale mlipoandika "anahitaji mwelekeo". Mwelekeo ninao. Andikeni "kazi".