Gathii Waithaka, Mtu wa "Uliona Ama Uliambiwa?"

Kamati ya mazishi iliniomba mimi, Gladwell, dada mdogo wa marehemu, niandike wasifu wake uenee ukurasa mmoja, na nisitaje korona kwa sababu ati itafufua maneno. Nimekataa yote mawili. Marehemu aliuza magazeti mjini Kitale zaidi ya miaka thelathini na hakupenda habari iliyokatwa mkia. Nikimkata leo akiwa hawezi kunijibu, nitakuwa nimemkosea sana.

Gathii Waithaka alizaliwa tarehe 3 Machi 1960 huko Tetu, Nyeri, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Waithaka na marehemu Mama Nyaruai. Mwaka wa 1966 wazazi wetu walihamia Trans-Nzoia, wakapata shamba hili tulilosimama juu yake, karibu na Kiminini. Alikuja juu ya lori, amekalia gunia la mbegu za viazi. Mama alikuwa akisimulia kwamba njia nzima mtoto huyo aliuliza kama kuna mtu aliyeliona hilo shamba kwa macho yake. Baba hakuwa ameliona. Alikuwa ameambiwa na wenzake wa chama cha kununua mashamba, na akamwamuru mtoto anyamaze.

Alisoma shule ya msingi hapa karibu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1974. Siku moja mwalimu aliwafundisha kwamba mtu wa kwanza kuuona Mlima Elgon alikuwa Mzungu fulani. Gathii akainua mkono, akauliza, "Na wale waliombebea mizigo walikuwa wamefumba macho?" Alichapwa. Alipofika nyumbani Baba akamwongezea viboko vingine, kisha akaenda nyuma ya ghala kucheka peke yake. Nilimwona. Karo ya sekondari haikupatikana, kwa hivyo masomo yakaishia hapo.

Alilima na Baba kwa miaka kadhaa, kisha mwaka wa 1987 akaanza kuuza magazeti mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa la rafiki yake Abdinasir, karibu na msikiti. Kila asubuhi alisoma vichwa vya habari kwa sauti, halafu akawauliza wateja, "Haya ndiyo wamesema. Nani aliona?" Wakimwuliza mbona basi anayauza, alijibu kwamba yeye anauza karatasi na kuamini ni juu ya mnunuzi. Ukimwambia lisemwalo lipo, alisema, "Lipo wapi? Nipeleke." Ukimletea habari yoyote, hata ya ng'ombe kuzaa, swali lilikuwa moja: "Uliona ama uliambiwa?" Alituchosha wote, na magazeti hayo hayo yalisomesha watoto wake.

Mwezi wa Desemba 1985 alifunga ndoa na Waruguru, binti wa Mzee Wachira, na Mungu akawajalia watoto watatu: Waithaka, Nyaruai na Wachira. Waruguru aliuza viazi katika soko la Kamukuywa. Katika dunia nzima yeye ndiye mtu pekee ambaye Gathii alimwamini bila kuuliza. Waruguru akisema mvua inakuja, Gathii aliingiza magazeti ndani bila kutazama juu. Nasi tulimtania kwamba kumbe ana mtume wake.

Julai 2020 Waruguru alishikwa na kifua akiwa Kamukuywa. Gathii alitoka shambani na gambuti miguuni, akabebwa na pikapu ya jirani. Alipofika, ambulensi ilikuwa tayari kumpeleka mgonjwa katika hospitali moja ya Bungoma, na akaambiwa hawezi kupanda kwa sababu ya masharti ya ule ugonjwa. Waruguru alikuwa akitetemeka kwa baridi. Gathii alivua gambuti, akavua soksi zake na kumvalisha mkewe. Soksi hizo hazikufanana: moja ilikuwa ya kijivu, nyingine ina mistari myekundu. Hakumwambia mtu, hata mimi.

Waruguru aliaga dunia Alhamisi, tarehe 16 Julai. Kesho yake gari lilileta jeneza lililofungwa kwa plastiki, na watu waliovaa mavazi meupe hadi machoni. Sisi wachache tulioruhusiwa tulisimama pale kwenye ua. Walimshusha, wakafukia, wakanyunyiza dawa, wakaondoka. Kwetu jeneza hufunguliwa. Watu hupita, hulia, na wengine hata hubishana kama marehemu amekonda. Siku hiyo hakuna aliyeona uso, na niliumia kuliko nilivyoumia siku ya kumzika mama yangu mzazi.

Wiki iliyofuata gazeti moja lilichapisha picha ya kaburi hilo. Ghala letu lenye mlango wa buluu lilionekana nyuma. Maelezo chini ya picha yalisema ni mazishi ya mzee mmoja wa Sirisia. Gathii alitazama, akafunga magazeti yote kwa kamba na kuyarudisha yalikotoka. Tangu siku hiyo akawa na neno moja. "Kama gazeti halijui ni nani aliyezikwa hapa, wizara inajua? Hospitali inajua?"

Alikwenda Bungoma mara nyingi. Walimwambia, "Mzee, tulifuata masharti." Akawajibu kwamba masharti ameyasikia, anauliza uso. Walisema maiti huwekwa kibandiko chenye jina. Akasema hiyo ni kuambiwa. Kumbe alikuwa amewawekea mtego: kama kuna mtu angemtajia zile soksi bila kuulizwa, angeamini. Hakuna aliyezitaja, naye hakuuliza. Angeuliza tu! Lakini huyo hangekuwa Gathii, na nilipokuja kujua nilimkasirikia hadi nikakosa usingizi.

Wengine walimletea habari za majeneza yaliyojazwa mawe ili wakubwa wale pesa za wafadhili. Mimi mambo ya mawe sikuyaamini. Nilidungwa chanjo mara mbili, mkono ukauma, na bado niko hapa nasoma. Gathii alimwambia nesi ajidunge yeye kwanza. Nesi akasema alishadungwa, na mnajua aliulizwa nini. Lakini nisiwe mnafiki. Hata mimi nilitoka pale kwenye ua nikiwa na shaka, na hadi leo sijapata mtu wa serikali wa kuniambia kwa nini hata mtoto mmoja wa marehemu hakuweza kuvalishwa yale mavazi meupe, akaangalia mara moja, akatuambia.

Shaka hiyo ililiacha kaburi bila jina. Watoto walitaka kuweka msalaba na simiti, Gathii akakataa. "Siwezi kuandika jina la bibi yangu juu ya mtu nisiyemjua." Akatuagiza kwamba akifa tusimlaze kando ya mgeni, tumzike kule kwenye mikaratusi. Nyaruai alikaa mwaka mzima bila kuongea na baba yake. Magugu yakamea juu ya mama yao huku wakiyatazama kutoka jikoni.

Mwezi wa Februari 2024, Fadumo, dada yake Abdinasir, alirudi kuishi Kitale baada ya miaka mingi Bungoma. Yeye ni mmoja wa akina mama wanaoosha maiti wa kike wa msikiti. Alimkuta Gathii barazani akisimulia, kama kawaida, na kumaliza na swali lake la nani aliona. Abdinasir alikuwepo, na ndivyo alivyonieleza.

"Mzee, ilikuwa Ijumaa gani hiyo?" Fadumo akauliza. Akaambiwa. "Na ni hospitali gani?" Akaambiwa.

Fadumo akaweka kikapu chini. "Siku hiyo nilikuwa mochari pale. Shangazi yetu alikuwa amefariki, na sisi maiti lazima aoshwe. Wazee wetu waliomba sana, mpaka tukakubaliwa watu wawili, tukavalishwa zile nguo. Sasa yule mfanyakazi akatutolea mtu si wetu. Nikamwambia, huyu si shangazi. Alikuwa mama mnene kidogo, ako na soksi miguuni."

Gathii akamtega. "Soksi za kijivu, si ndiyo? Zote mbili?"

"Hapana. Moja ya kijivu, moja iko na laini nyekundu. Ndefu, za mwanaume. Kama wako alikuwa na za kijivu zote, basi si yeye, mzee. Pole sana."

"Nani amekutuma?"

"Nitumwe na nani? Si wewe unauliza nani aliona? Mimi niliona. Nikamrudishia shuka vizuri, nikamwombea. Halafu wakamweka kwa jeneza la kahawia, nikiwa hapo hapo."

Abdinasir anasema Gathii alikaa juu ya magazeti ya siku hiyo na kulia kama mtoto, na wateja wakajichukulia wenyewe pembeni. Jioni alinipigia simu. "Gladwell, ni yeye. Nimeambiwa na mtu aliyeona." Kufikia Pasaka msalaba ulikuwa umesimama, jina la Waruguru limeandikwa, na Nyaruai ndiye aliyeshika ndoo ya simiti. Mimi nilifurahi na bado nina hasira. Utaratibu wao wote haukutupa ukweli. Tuliupata kwa sababu mtu mmoja mochari alikosea akavuta maiti asiyefaa.

Mwishoni mwa mwaka huo miguu ya Gathii ilianza kuvimba. Ngojangoja huumiza matumbo, na yeye alingoja mno, kwa maana hospitali alikuwa amezichoka. Agosti 2025 alikubali kulazwa Kitale kwa sharti kwamba mmoja wetu akae kando ya kitanda, macho wazi. Nilisoma kila chupa iliyotundikwa. Daktari mmoja msichana alikaa naye, akamchorea moyo wake pembeni mwa gazeti na kumwonyesha mahali ulipochoka. Gathii alimsifu hadi wagonjwa wengine wakaomba wachorewe yao. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, asubuhi, Nyaruai akiwa amemshika miguu. Hili siwasimulii kwa kuambiwa.

Ameacha watoto wake Waithaka, Nyaruai na Wachira, wakaza wana, wajukuu, mimi dada yake, na rafiki zake Abdinasir na Fadumo, ambao leo wameketi na familia kwa sababu ni familia.

Neno la mwisho ni agizo lake mwenyewe. Ya mikaratusi aliyafuta. Alisema alazwe kando ya Waruguru, na jeneza lifunguliwe lote, upande wa uso na upande wa miguu. Waithaka ndiye aliyemvalisha. Mtaona soksi moja ya kijivu na nyingine ya mistari myekundu. Tafadhali msinong'one kwamba vijana wamekosea.

Sasa piteni, mmoja mmoja, bila haraka, mwangalie. Kesho mkiulizwa Kitale au Kamukuywa kama kweli Gathii amezikwa, mnajua la kujibu. Alale salama, kaka yangu, kando ya mtu anayemjua.